Sisti za dinoflajeleti: maswali mnayoniuliza kila muhula kuhusu kuzitambua na kuzielezea

Maswali haya yananijia kila muhula, mengine kwenye WhatsApp saa nne usiku, mengine mtu ananishika mkono pale Mlimani kwenye kituo cha daladala. Nimeyaweka pamoja ili mwenye haraka apate jibu lake, na pale jibu linapohusiana na lingine nimeelekeza, sijarudia.

## Mwanzo kabisa

Hizi sisti ni nini, na zina undugu gani na dinosaria?

Hazina undugu wowote. Zote zinaanza na "dino" ila maneno ni tofauti, ya dinosaria kwa Kigiriki ni kutisha, hii ya kwetu ni kuzunguka. Dinoflajeleti ni kiumbe wa seli moja, wengi wao wa baharini, ana mikia miwili, mmoja umemzunguka kiunoni kama mkanda na mwingine unaburuta nyuma, ndo maana anaogelea huku anajizungusha kama pia.

Sasa baadhi yao, katika hatua fulani ya maisha, wanajifungia kwenye ganda gumu, wanazama, wanalala kwenye tope chini ya bahari. Hali ikikaa sawa seli inafungua mlango, inatoka, inaenda zake, ganda linabaki tupu. Hilo ganda ndo sisti. Ukuta wake ni dinosporini, kitu kigumu ajabu ambacho hata asidi inayoyeyusha jiwe haikiwezi, kwa hiyo miaka milioni na milioni ikipita bado unaikuta na mwiba wake. Ukubwa mara nyingi ni kati ya mikroni 20 na 150, yaani nyingi zinalingana na unene wa unywele au pungufu ya hapo.

Angalizo moja muhimu: si kila dinoflajeleti anaacha sisti ya kudumu. Kwa wanaoishi leo ni kama 10 hadi 20 katika kila 100. Kwa hiyo usipoiona spishi kwenye sampuli yako usikimbilie kusema haikuwepo baharini.

Kwetu Tanzania zinapatikana wapi?

Pwani yote ya kusini ni hazina. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi una tabaka za baharini kuanzia kipindi cha Kretashia hadi cha Oligosini (haya ni majina ya vipindi vya historia ya dunia), na visukuku vidogo vya kule vimehifadhika vizuri hadi wanasayansi wa nchi nyingi wamekuja kuchoronga. Tendaguru nayo, kule Wajerumani walikochimba dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, ina matabaka ya bahari katikati ya yale yenye mifupa, na sisti zimo. Hapo tu ndo dinosaria na dinoflajeleti wanakutana, kilima kimoja, tabaka tofauti.

Dunia nzima, sisti za zamani zisizo na ubishi ni za Triasiki, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita.

Kwa nini tuhangaike na vitu vidogo hivyo?

Kwa sababu ya udogo wenyewe. Kisima cha gesi kikichorongwa, kinachopanda juu ni vipande vya mwamba vya ukubwa wa punje za mahindi, huwezi kupata konokono mzima humo, ila kijiko kimoja cha vipande hivyo kinaweza kukupa sisti maelfu. Spishi zinakuja na kupotea kwa wakati wake, kwa hiyo ukizijua unajua umri wa tabaka.

Na zinasema hali ya bahari pia. Miaka kama milioni 56 iliyopita, dunia ilipopata joto la ghafla, jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Apectodinium ilijaa sehemu nyingi za dunia, hata kwenye latitudo za juu ambako kwa kawaida ilikuwa haionekani sana. Mimi nikiiona hiyo kwenye slaidi nasimama kidogo. Ni joto la bahari linakutazama.

## Maabara

Sampuli inaandaliwaje?

Kwa kifupi: unaosha na kuponda mwamba uwe vipande vidogo (usisage unga, utavunja sisti), asidi ya haidrokloriki kuondoa chokaa, kisha haidrofloriki kuondoa silika, unaosha na maji hadi yasiwe na asidi, unachekecha kwa wavu wa mikroni 10 au 15, kinachobaki unaweka kwenye slaidi. Ukitaka kujua ziko ngapi kwa gramu, weka mwanzoni kidonge cha spora za mmea wa Lycopodium chenye idadi inayojulikana.

Asidi ya haidrofloriki SIYO ya kufanyia mazoezi. Inapenya ngozi bila kuuma sana mwanzoni, inafuata kalsiamu hadi kwenye mfupa, na inaua. Bila kabati la kuvuta moshi linalofanya kazi, glavu sahihi, ngao ya uso, jeli ya kalsiamu glukoneti iliyofunguliwa mezani, na mtu wa pili chumbani, usiiguse. Umeme ukikatika feni ya kabati inasimama, kwa hiyo kama hamna jenereta siku ya mgao haifanyiki kazi hiyo, hata kama tarehe ya kukabidhi ni kesho. Hapa silegezi.

Sina maabara ya hivyo, naweza kuanza vipi?

Unaweza kabisa. Udongo laini wa mfinyanzi unaachia ukiuloweka kwenye sodiamu heksametafosfeti, kisha unachekecha, na njia hiyo inatoa sisti nzuri bila haidrofloriki. Slaidi itakuwa na uchafu zaidi, lakini unajifunzia. Au anza na tope la sasa hivi, la Kunduchi au pembeni ya mikoko, maana humo hamna mwamba wa kuyeyusha.

Wavu nanunua wapi, ule wa kuchapia tisheti wa Kariakoo unafaa?

Ule wa kawaida hapana, matundu yake ni makubwa mno, sisti nyingi zitapita na maji. Unafaa kama chekeche la juu la kuzuia majani na mchanga mkubwa. Wa mikroni 10 agiza kwa wauza vifaa vya maabara, kipande kidogo kinatosha na kinaoshwa. Ila usitumie kipande kimoja kwa sampuli mbili tofauti bila kukisafisha kwa uhakika, utazalisha uongo mwenyewe (angalia "Spishi ya Jurasiki ndani ya udongo wa Eosini").

Nitumie asidi ya naitriki kusafisha zaidi?

Usianze nayo. Sisti za kahawia za kundi la peridinioidi, hasa zile za Protoperidinium, zinaharibika haraka sana kwa oksijeni, ukizipitisha humo zinapotea halafu unaandika kwamba hazikuwepo. Gawa sampuli, nusu ioksidishe, nusu iache, linganisha.

## Kwenye hadubini

Nikiweka slaidi nianze kuangalia nini?

Mlango. Kabla ya miiba, kabla ya rangi, kabla hujavutiwa na uzuri wake, tafuta mlango ambao seli ilitokea. Wataalamu wanauita akiopaili, mimi naendelea kusema mlango.

Kuna historia hapa. Mwanasayansi wa Kijerumani, Ehrenberg, aliona vitu hivi kwenye mawe ya gumegume tangu miaka ya 1830, lakini kwa zaidi ya karne moja vile vya mviringo wenye miiba vilibaki fumbo, watu wakivipa jina la histrikosfia bila kujua ni mnyama, mmea au yai la nani. Ni mwaka 1961 William Evitt alipoonyesha kwamba mashimo yale hayakupasuka ovyo, yana umbo la bamba la dinoflajeleti (mabamba ni vile vipande vinavyopangika kumfunika anapoogelea), na miiba inafuata mpangilio wa mabamba yaleyale. Mlango ndo ulifungua kesi.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Mlango uko wapi, juu kabisa kileleni, au chini kidogo ya kilele juu ya mkanda wa kiunoni, au nusu nzima ya juu imeondoka? Umetoka kwa bamba moja au mengi? Kifuniko kimeng'oka kabisa au kinaning'inia? Halafu ukuta, ni mmoja au miwili, na kama ni miwili kuna nafasi katikati, yaani nyumba ndani ya nyumba kama Deflandrea phosphoritica? Halafu ndo umbo, pembe, mkanda, miiba. Ukifuata hivyo utakuwa umeshabana jenasi kabla ya kuhesabu mwiba hata mmoja.

Nikizungusha fokasi naona picha mbili tofauti, ipi ni ya kweli?

Zote mbili. Sisti ni kitu kinachopitisha mwanga, fokasi ya juu unaona ukuta wa karibu, ya katikati unaona kama imekatwa, ya chini unaona ukuta wa mbali LAKINI kwa ndani. Ni kama maandishi ya kioo cha nyuma cha daladala ukiyasoma ukiwa umekaa ndani, herufi zimegeuka. Watu wengi wanachora bamba la kushoto kulia kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo kila mchoro na kila picha iandikwe: upande gani unatazama juu, mgongo au tumbo, na fokasi ipi. Sisti moja nzuri ipigie picha tatu angalau. Mlango ukiuona kwenye fokasi ya chini, mara nyingi maana yake sisti imelala chali kwako, tumbo juu, kwani mlango kwa kawaida uko upande wa mgongo, ukiacha ile inayofungukia kileleni.

Hizi alama za ' na '' na namba zinasomwaje?

Ni mfumo wa Kofoid, wa mwanzoni mwa karne iliyopita. Kikoma kimoja ni mabamba ya kileleni, viwili ni yaliyo juu ya mkanda, vitatu ni chini ya mkanda, vinne ni ya kitako. Herufi a ni mabamba ya katikati yaliyojibana kati ya safu ya kilele na ile ya juu ya mkanda, c ni ya mkanda, s ni ya mfereji wa tumboni. Kwa hiyo mtu akisema mlango ni 3'' anamaanisha bamba la tatu la safu ya juu ya mkanda, na 2a ni bamba la pili la katikati.

Kinachokusaidia haraka: kundi la goniolakoidi kwa kawaida lina mabamba 6 juu ya mkanda, na mlango mara nyingi ni 3'' au kilele chote. Peridinioidi kwa kawaida yako 7, na mlango mara nyingi ni 2a. Kuna spishi zinazokataa, ila anzia hapo.

Nipe mfano wa kutofautisha mbili zinazofanana.

Chukua sisti ya Kretashia, mviringo, mlango kileleni, miiba mirefu yenye uwazi ndani inayopanuka mwishoni kama tarumbeta. Mwanafunzi ataandika Hystrichosphaeridium tubiferum na kuendelea. Subiri. Weka lenzi ya mafuta, tafuta usawa wa mkanda kiunoni, zungusha fokasi taratibu. Kuna miiba pale? Kama ipo, sawa, uko kwenye Hystrichosphaeridium. Kama kiuno kiko wazi, mstari mtupu kati ya miiba ya juu na ya chini, hiyo ni Oligosphaeridium, na ncha zikiwa na meno meno bila matundu matundu kama wavu angalia Oligosphaeridium complex. Tofauti yote iko kwenye ukanda mtupu ambao macho yanaupita kwa sababu yanatafuta kitu, hayatafuti nafasi.

Mfano wa pili: Spiniferites ina vijukuta vinavyounganisha miiba kwenye mipaka ya mabamba, Achomosphaera miiba ni ileile ila vijukuta hamna. Vijukuta vikiwa hafifu utapata vielelezo vya katikati, na hapo andika ulichoona, usilazimishe.

Sioni mlango kabisa, nifanyeje?

Kwanza geuza vielelezo vingine, pengine hicho kimelala vibaya au seli haikuwahi kutoka. Usiseme ni spishi isiyo na mlango kwa sababu ya sisti tatu. Ukitazama nyingi na hamna mlango, hamna mkanda, hamna dalili ya mabamba, basi iite akritaki, jina alilopendekeza Evitt mwaka 1963 kwa vitu visivyojulikana asili yake. Ni jina la heshima, siyo kushindwa. Pia hakikisha siyo chavua, siyo spora ya fangasi, wala siyo bitana la ndani la foraminifera (viumbe wa seli moja wenye ganda), lile linaloonekana kama vyumba vimejipanga kwa mzunguko.

Nimepata pembe tupu bila mwili, naihesabu?

Hiyo inaweza kuwa Odontochitina. Mlango wake ni kilele, na pembe ya juu inaondoka na kifuniko, kwa hiyo kwenye slaidi ya Kretashia unakuta pembe moja huku na mwili wenye pembe mbili kule. Ukihesabu vyote umehesabu mtu mmoja mara mbili. Hesabu miili, pembe ziandike pembeni.

## Kuelezea spishi

Nimepata ambayo haipo kwenye atlasi yetu, ni mpya?

Atlasi moja siyo dunia. Tafuta kwanza kwenye DINOFLAJ3, ipo bure mtandaoni, ina majina yote ya sisti za kisukuku na hatima yake, kisha fuata maelezo ya asili ya kila spishi ya jenasi hiyo, siyo muhtasari wa mtu mwingine. Inachosha, mara nyingine ni makala za Kijerumani au Kirusi, lakini jina jipya la kitu chenye jina tayari linabaki kwenye orodha miaka yote na kila anayekuja analipia muda wake.

Kama bado una shaka, iache wazi: jenasi halafu "sp. A". ILA weka picha, vipimo, namba ya slaidi na mahali ilipo kwenye slaidi. Niliwahi kukaa wiki tatu nikiitafuta "sp. A" ya ripoti moja ya kisima, hamna picha, hamna namba, mwandishi kashastaafu. Hadi leo sijui ilikuwa nini, na tabaka lile umri wake ulitegemea hiyo.

Vielelezo vingapi vinatosha?

Kwa jina jipya mimi sikubali chini ya 20 vilivyopimwa, na vitoke zaidi ya sampuli moja kama inawezekana. Toa kipimo kidogo kabisa, wastani na kikubwa kabisa, kwa urefu, upana na miiba, na useme umepima vingapi. Sisti moja ya ajabu inaweza kuwa kilema tu.

Maelezo yenyewe yana sehemu gani, na naweza kuandika kwa Kiswahili?

Utambuzi kwanza, sentensi chache zenye yale tu yanayoitenga na wenzake. Kisha maelezo kamili, ukuta, mlango, mabamba, miiba, na namna vielelezo vinavyotofautiana. Vipimo. Asili ya jina. Holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi. Mahali na tabaka ilipotoka. Mwisho ulinganisho, na hapa ndo watu wanalegea. Usiandike "inafanana na spishi X ila ni tofauti", andika tofauti ni nini, mtu aweze kuishika kwenye hadubini yake akiwa Mtwara wewe ukiwa Dar.

Lugha: kanuni ya kimataifa ya majina inataka spishi mpya ya kisukuku, tangu Januari 1, 1996, iwe na maelezo au utambuzi kwa Kilatini au Kiingereza. Kwa hiyo sehemu hiyo lazima. Lakini hakuna anayekukataza kuweka na ya Kiswahili pembeni, na mimi naomba tufanye hivyo, wanafunzi wetu wanaelewa mlango na mkanda haraka kuliko maneno ya Kigiriki.

Naweza kuipa jina la kwetu?

Ndiyo, ila sarufi ya Kilatini inafuatwa. Jenasi zinazoishia -dinium zinataka -ense, kwa hiyo ya Kilwa ingekuwa kilwaense. Jenasi za -cysta ni za kike, inakuwa kilwaensis. Zile za -ites ni za kiume, ndo maana ni Spiniferites ramosus.

Holotaipu nichague ipi na niitunze wapi?

Sisti moja halisi, siyo mchoro wala kundi la sisti. Chagua inayoonyesha mlango na tabia kuu hata kama siyo nzuri kuliko zote. Useme ni picha ipi inayoionyesha, na imehifadhiwa kwenye taasisi gani, kabatini mwa mtu nyumbani haikubaliki. Toa mahali pake kwa kioo cha England Finder, kile chenye gridi ya herufi na namba, maana namba za meza ya hadubini yako hazisomeki kwenye hadubini nyingine.

Na slaidi za jeli ya gliserini ziangalieni kwa joto la Dar. Jeli inalainika, sisti zinatembea, na ile uliyoiandikia mahali pake haipo tena pale. Holotaipu weka kwenye gundi inayokauka kabisa, ilale bapa, mbali na dirisha.

## Yanayosumbua

Spishi ya Jurasiki ndani ya udongo wa Eosini, nimevumbua kitu?

Yawezekana sana imebebwa, maana Jurasiki ni ya zamani kuliko Eosini. Mto unakula tabaka la zamani, sisti ni ngumu, inazikwa upya. Angalia rangi: ikiwa nyeusi zaidi au imechakaa kuliko wenzake ni mgeni. Kwenye kisima fikiria pia vipande vilivyoporomoka kutoka juu, hapo inakuwa kinyume, kijana kwenye tabaka la wazee. Ndo maana kwenye visima tunaamini zaidi spishi inapoonekana mara ya kwanza tukishuka. Na uchafu wa wavu usiusahau.

Miiba mifupi ni spishi nyingine?

Siyo lazima. Lingulodinium machaerophorum urefu wa miiba unabadilika na chumvi ya maji, maji yakipungua chumvi miiba inafupika. Ukiigawa spishi kwa urefu wa mwiba peke yake unaweza kuwa umeipa jina chumvi. Chora grafu ya vipimo vyote, ukiona vinaungana bila pengo, ni moja.

Mbona kiumbe mmoja ana majina mawili?

Kwa sababu wa sisti na wa kuogelea walielezwa mbalimbali, na kanuni inaruhusu jina la kisukuku libaki lake. Pyrodinium bahamense, yule anayewaka usiku majini kwenye bahari za joto, sisti yake ni Polysphaeridium zoharyi. Kwenye tabaka la Miosini andika jina la sisti, maana kilichoogelea wakati ule hukukiona.

Nimeshatuma ripoti na nimegundua nilikosea jina.

Andika sasa hivi kwa aliyeipokea, taja slaidi, sampuli, jina la zamani na jipya, na kama umri wa tabaka unabadilika useme kwa kiasi gani. Slaidi usiifute lebo ya kwanza, bandika ya pili kando yake na tarehe.